Oili ya Bei Iliyoishia Kwenye Nguzo

Mwanangu Atupele,

Jumatano tulipokwenda Kyela mjini kununua sanduku lako, ulisimama mbele ya duka la vipuri ukaniuliza swali. Makopo mawili yalikuwa kwenye rafu moja, ukubwa sawa. Moja oili ya kawaida, lingine sintetiki, na hilo la sintetiki bei yake ilikaribia mara tatu ya mwenzake. Ukasema, "Baba, si wewe ndiye Daktari wa injini? Hii tofauti ya bei ni ya kweli au tunaibiwa?" Mwenye duka akacheka, akaniangalia akingoja nijibu. Mimi nikasema twende, jua kali. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa naogopa.

Sasa umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Mama yako yuko jikoni anakaanga samaki wako wa safari, na mimi nimekaa hapa nje na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa zilizobaki nyuma. Mwandiko wangu unaujua. Niliacha shule darasa la tano huko Ufipa, na mkono huu umezoea hendeli ya kuwashia injini kuliko kalamu. Mambo ya kula, kulala na kuchagua marafiki mama yako ameshayasema tangu mwezi uliopita, na mimi sina la kuongeza. Nataka kujibu swali lako tu. Jibu lake ndilo limenifunga hapa Njisi miaka tisa, na Jumapili nilisikia kwa masikio yangu likianza kukufunga na wewe.

Kwanza jibu la fundi, maana unakwenda kusomea injini na usije ukaaibika mbele ya mwalimu.

Oili ya sintetiki si uongo. Injini za siku hizi, hasa zenye tabo, ile ya kusukuma hewa ndani kwa nguvu, zina njia nyembamba na joto kali ndani, na waliozitengeneza walijua zitapewa oili nyepesi isiyoungua upesi. Ukiipa injini ya namna hiyo oili nzito kwa sababu ni rahisi, unaiua polepole. Tena huko Mbeya uendako asubuhi kuna baridi. Oili nyepesi inapanda juu mapema, nzito inajivuta. Kama kitabu cha gari kinaitaka, inunue na usibishane na bei.

Lakini kuna injini haiitaki. Ile yetu ya mashine ya kukoboa, ya silinda moja, imetengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Haina filta. Sili zake, zile pete za kuzuia oili isivuje, zimechoka. Inataka oili nzito namba arobaini, ile wanayokupimia kutoka kwenye pipa, na inataka kuangaliwa kila asubuhi. Basi. Oili nyepesi ya bei ukiimimina humo inapita kwenye sili kama maji kwenye tenga, na uchafu wa miaka uliokuwa umelala chini inauamsha na kuuzungusha kwenye vyuma. Halafu nikuambie nilichokiona kwa macho yangu hapa bondeni. Pikipiki za vijana na matrekta madogo ya kulimia majaruba ya mpunga, nyingi zilizokufa hazikufa kwa oili ya bei rahisi. Zilikufa kavu. Mtu hakuchomoa kijiti cha kupimia oili akatazama. Na unaponunua hiyo ya bei, tazama kopo lenyewe na muuzaji wake, kwa sababu kwenye gereji kuna watu wananunua makopo matupu ya oili nzuri, na hawayanunui wakanywee maji.

Maneno hayo ningeyasema pale dukani yakaisha. Kilichonizuia ni kwamba wewe, pamoja na watu wote wa hapa, mnaamini mashine yetu inakwenda kwa oili ya bei na kwa mchanganyiko ninaoujua mimi peke yangu. Si kweli, mwanangu. Haijawahi kuwa kweli hata siku moja.

Ulikuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kubeba magunia, nimepewa kuwasha injini baada ya yule mzee aliyekuwapo kurudi kwao Ipinda. Mama Tumpale, mwenye mashine, alikuwa amevuka mto Songwe kwa ndugu zake wa Karonga, upande wa Malawi, na huko shemeji yake mwenye gari zuri akamwambia kwamba siri ya injini ni oili, na kwamba oili ya dhahabu, hiyo ya sintetiki, inakaa msimu mzima bila kubadilishwa. Akarudi na makopo sita kwenye kanga, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Baba Atupele," akaniambia, "kuanzia leo mashine yangu isinywe tena ile oili ya pipa. Mimi si mtu wa pipa."

Nikamimina. Siku ya nne chini ya injini kulikuwa na dimbwi, na oili iliyobaki ndani ilikuwa nyeusi kama masizi. Wenye mashine nyingine wakapita kunicheka. "Mfipa, injini yako imekojoa!" Nikajua hapohapo kosa liko wapi. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda kwa Mama Tumpale nikamwambie: mama, oili hii ni nzuri lakini si ya injini hii. Hilo tu. Angenuna siku mbili, yakaisha.

Sikwenda. Niliogopa kumwambia mtu aliyetumia fedha zake kwamba amekosea, mimi mgeni, mtu wa magunia. Nikafunga mlango wa chumba cha injini, nikamwaga oili yake ya dhahabu kwenye dumu, nikaosha ndani kwa dizeli, nikarudisha namba arobaini niliyoinunua mwenyewe. Injini ikatulia. Ikakoboa msimu wote bila kusimama, wakati mashine ya kanisani na ile ya njia panda zilikufa kwa zamu. Mama Tumpale akatangaza kila mahali: "Mnaona oili ya bei? Mnaona?" Watu wakaja kuniuliza. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikatia chumvi. Nikasema oili ile peke yake haitoshi, ina kipimo chake, ina kuchanganywa, na injini ikishazoea mkono mmoja haikubali mwingine. Nilisema hivyo mara ya kwanza kama mzaha. Mtu mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. Mwanangu, nilikuwa na miaka thelathini na nane na hakuna mtu aliyewahi kunitikisia kichwa namna ile. Ndipo nikawa Daktari. Ndipo kufuli likawekwa kwenye mlango, na ufunguo shingoni mwangu.

Sasa ile oili ya dhahabu. Kila msimu Mama Tumpale alileta makopo, na kila msimu nilikuwa na dumu la kuficha. Kuiuza niliogopa, wangeuliza nimeipata wapi. Unajua watu wa hapa wanavyokuja mashineni kuomba oili chafu ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Basi nikawa nawachanganyia. Nusu oili chafu, nusu oili mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya watu wenye viyoyozi. Choo cha Mzee Ambokile kimepakwa hiyo. Banda la kukaushia kakao la jirani zetu limepakwa hiyo, nguzo zote kumi na mbili. Mzee Ambokile aliwahi kuniambia, "Daktari, oili yako chafu ni nzuri kuliko ya wengine, inateleza." Nikamshukuru, "Ndaga, mzee." Nilicheka nilipofika nyumbani, na mama yako akaniuliza nacheka nini, nikashindwa kumwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumficha mama yako jambo la kuchekesha. La kuumiza tayari lilikuwa njiani.

Ulikuwa darasa la sita bibi yako alipofariki. Baba yako mdogo Deo alinipigia simu asubuhi, mimi niko mashineni, gunia la kwanza bado halijamwagwa. "Kaka, mama hatunaye. Tunazika keshokutwa, tunakungoja wewe." Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetia udongo wa kwanza, hilo ulishanisikia nikilisema. Nikafuta mikono, nikaenda kwa Mama Tumpale kuomba ruhusa.

Nataka ujue kwamba yule mama hakuninyima. Watu wakisikia sikwenda kumzika mama yangu wanadhani mwajiri alikuwa mkatili. Alikuwa analia. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Pole sana, Baba Atupele. Nenda, tena nenda leo. Nauli nitakupa." Asubuhi hiyohiyo, hapa Njisi, Mzee Gwamaka alikuwa amefariki, na wewe unajua msiba wa mtu mkubwa wa Kinyakyusa ulivyo. Watu walikuwa wameshaanza kuja kutoka Itungi, kutoka Ipinda, mpaka ng'ambo ya mto. Magunia ya mpunga ya msiba yalikuwa yanashushwa mlangoni. Akaniambia, "Ila kabla hujaondoka, nionyeshe nani atawasha. Maana wewe ndiye ulisema haikubali mkono mwingine."

Hakunitega. Aliuliza swali la kawaida, na alikuwa ananiangalia machoni akisubiri jina. Jibu lilikuwa fupi kuliko lile ulilolitaka dukani. Mtu yeyote, mama. Mimina namba arobaini, chomoa kijiti, tazama alama, zungusha hendeli. Lakini kama ni mtu yeyote, makopo ya miaka mitatu yamekwenda wapi? Na Daktari ni nani? Nilisimama pale, Atupele, mama yangu amelala kwenye kitanda cha kamba Ufipa, na nilichokuwa napiga mahesabu kichwani ni jina langu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kweli, mama. Haikubali."

Nikarudi nyumbani. Mama yako alikuwa ameshafunga begi langu. Nikamwambia kazi imezuia, kuna mpunga wa msiba. Akaniangalia sana. Akasema, "Mpunga unatwangwa hata kwenye kinu. Mama yako je?" Nikarudi mashineni.

Nilikoboa siku tatu. Wanawake walipita na masinia kichwani kwenda msibani, wakanipigia kelele ili niwasikie juu ya injini, "Pole na kazi, Daktari!" Nikawaitikia ahsante. Hakuna aliyejua kwamba na mimi nimefiwa, kwa sababu nilimwomba Mama Tumpale asiseme, nikamwambia kwetu haisemwi mpaka baada ya mazishi. Huo nao ulikuwa uongo, nimeutunga palepale. Siku ya tatu wewe uliniletea uji. Ulisimama mlangoni, ukaniuliza mbona macho yangu mekundu, nikasema vumbi la pumba. Ukaniamini, ukaenda kucheza. Saa kumi jioni ya siku hiyo nilizima injini kwa dakika chache, nikasema inachemka. Haikuwa inachemka. Ndiyo saa waliyoniambia watazika. Deo aliniambia baadaye walishikilia jeneza kando ya kaburi mpaka jua likaanza kushuka, wakitazama barabara. Mwishowe akatia udongo yeye. Tangu hapo tumezungumza mara mbili tu, na zote mbili aliniita kwa jina langu. Hakuniita kaka.

Nakuandikia haya si kwa sababu nataka unihurumie. Ungeweza kukaa nami miaka mingine kumi bila kuyajua na ukanipenda vilevile, na ingenifaa. Nimeyaandika kwa sababu ya Jumapili.

Mama Tumpale alipokuja baada ya ibada, ukamwekea kiti, ukamsalimu vizuri, ugonile, mama, nilijua amekuja na jambo. Uliyasikia mwenyewe. "Atupele asiondoke mwaka huu. Macho ya Mfipa yanakwisha, nani hajui? Akae na baba yake, afundishwe ule mchanganyiko, halafu mashine itakuwa mikononi mwake. Msichana wa injini, hapahapa kwetu! Chuo atafundishwa nini asichokijua baba yake?" Mama yako alitazama chini. Mimi nilicheka kile kicheko changu cha mashineni. Jioni ukiwa unasuuza vyombo ukaniambia bila kugeuka, "Baba, chuo hakihami. Nikikaa mwaka mmoja nikakusaidia, si ni sawa tu? Umechoka."

Nilikwambia tutaongea. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama. Huo mwaka mmoja naujua. Na mimi nilidhani ni msimu mmoja. Ungejifunza kitu ambacho hakipo, halafu siku moja ungejua hakipo, na ungekuwa umeshaitwa Daktari, na ungelazimika kuchagua kati ya kunifedhehesha mimi na kuendelea kufunga mlango ule kwa kufuli. Nakujua. Ungefunga. Ungefanya hivyo kwa kunipenda, na ningekuwa nimekuachia urithi wa kukaa tu.

Jumatatu nilikwenda kumwambia Mama Tumpale, nikaishia kuongea habari za mkanda wa mashine. Jumanne nilikwenda tena. Akanipa chai. Nikanywa chai, nikaondoka. Ndiyo maana Jumatano ulipouliza pale dukani nilikimbia jua. Mtu anaweza kuzoea kuta mpaka akaona mlango ukiwa wazi ni hatari.

Leo nimefanya jambo moja, na nimelifanya kwa namna ambayo siwezi kulirudisha. Mama Tumpale amevuka tena kwenda Karonga tangu jana, anarudi kesho asubuhi na mapema. Mchana, foleni ikiwa imejaa, nilitoa kufuli mlangoni nikalitupa kwenye shimo la pumba. Halafu nikachukua mkaa, nikaandika kwenye ukuta mweupe wa nje, herufi kubwa, mahali ambapo kila anayeleta gunia ataona: OILI NI NAMBA 40 YA PIPA. CHOMOA KIJITI KILA ASUBUHI. MTU YEYOTE ANAWEZA.

Mama Neema ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Unamjua, asiye na breki mdomoni. Akasoma kwa sauti, akasoma tena.

"Daktari, hii ni nini?"

"Ndiyo dawa yenyewe."

"Hii tu?"

"Hii tu."

"Na ule mchanganyiko?"

"Hakuna mchanganyiko."

"Na oili ya dhahabu ya Mama Tumpale?"

Nikamwambia iko kwenye choo cha Mzee Ambokile. Halafu yule mama akakaa chini juu ya gunia lake akacheka mpaka kilemba kikadondoka, akasema, "Ee tata! Kumbe miaka yote tunakuogopa, na mchwa wa Ambokile wanakula vizuri kuliko sisi!" Wakacheka wote. Si wote kwa wema. Kijana mmoja akatema mate pembeni, akasema tapeli. Nikalipokea, ni jina linalonifaa zaidi kuliko lile jingine. Nikamwita Mama Neema ndani, nikamwonyesha kijiti, nikamwonyesha alama, nikamwonyesha pa kushika hendeli ili isimrudie ikamvunja mkono. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikawaka. Alitoka nje mikono juu kama mtu aliyefunga goli.

Nilidhani nitasikia kitu kikinitoka kifuani, kama wanavyosema watu. Sikusikia. Nimerudi nyumbani na hofu ileile, tena imeongezeka. Kesho Mama Tumpale atafika, atasoma ukuta wake, na kabla ya hapo atakuwa ameshaambiwa na watu kumi. Huenda atanifukuza, na ana haki. Huenda atalia, na hilo litakuwa gumu zaidi. Huenda atasema nibaki nimalize madeni ya makopo yote yale, nami nitabaki, sina pa kwenda. Kwa Deo sijui kama kuna mlango. Nina miaka arobaini na saba, macho yananidanganya jioni, na ninachokijua duniani ni injini moja ambayo leo nimemwonyesha kila mtu kwamba haina siri. Sikufichi hayo. Sijatoka. Nimehakikisha tu kwamba wewe huingii.

Mama yako nimemwambia yote kabla sijaanza kuandika, pale jikoni, yeye akiwa ameinama kwenye moto. Hakunitazama. Alisema, "Nilijua kuna kitu. Sikujua ni kidogo hivyo." Halafu akaendelea kugeuza samaki. Sijui alikuwa na maana gani. Nadhani na yeye atahitaji siku kadhaa.

Huko uendako utakosea. Utamimina kisichotakiwa kwenye injini ya mtu, utafunga nati kinyume, utasema kitu usichokijua ili uonekane. Mimi pia ndivyo nilivyoanza, na kosa lenyewe lilikuwa dogo, la siku nne na dimbwi la oili. Kaseme siku hiyohiyo. Kaseme hata kama sauti inatetemeka na wanafunzi wa kiume wanacheka. Siku ya tano inakuwa ngumu zaidi, na ya mia huwezi tena, unaishi tu humo ndani.

Sasa neno la mwisho, halafu nikaweke barua hii juu ya sanduku lako. Ukishaisoma utataka kubaki ujue nini kitanipata. Utasema siwezi kumwacha baba siku kama hii. Utamwambia mama yako kwamba utaondoka Jumatatu. Usifanye hivyo, mwanangu. Nitakupigia simu nikuambie kila kitakachotokea, hata kikiwa kibaya, na sitatia chumvi.

Mama Tumpale hufika mashineni saa moja. Gari la kwanza la Mbeya linapita barabarani saa kumi na mbili. Panda hilo.

Baba yako